Fotokopi, Shilingi Tatu

Webuye ilijua karatasi kabla ya kujua kusoma.
Tulizaliwa ndani ya harufu ile, kabichi iliyochacha,
ikishuka kutoka bombani, ikikaa kwenye sare za shule,
baba akirudi zamu ya usiku
na vumbi la mbao kwenye ndevu.
Sasa bomba ni refu tu, halisemi.
Rimu ninazotumia zinatoka Indonesia.

Nina mashine moja na stuli mbili.
Nekoye anasomea uuguzi. Kitabu chake
kinauzwa Kisumu shilingi elfu nane na mia saba;
mama yake anauza vitunguu.
Basi ananunua mwili wa binadamu sura kwa sura:
moyo mwezi wa tatu, mapafu mwezi wa tano,
figo zitasubiri mavuno.

Ukurasa wa pili umeandikwa:
hairuhusiwi kunakili sehemu yoyote ya kitabu hiki.
Huo nao nimeutoa nakala.
Shilingi tatu, kama kurasa nyingine.

Usidhani silali fofofo kwa kiburi.
Aliyeandika habari za figo
naye alikesha, naye ana karo ya kulipa.
Nikimfikiria usiku, taa zikiwa zimezimwa,
huja na uso wa baba.

Maana baba alipiga litungu.
Mwaka aliooa, mgeni alipita Misikhu na kinasa sauti,
akampa sukari kilo mbili
na ahadi ya picha.
Baba akamwimbia ng'ombe aliyeuzwa sokoni Chwele,
akakata kamba, akarudi usiku wa manane,
akasimama mlangoni kama mwenye nyumba.
Sukari iliisha. Picha haikuja.

Tulikuwa tumeshamzika nilipomsikia mtandaoni,
dakika sita, na jogoo wetu akiwika katikati.
Nikazishusha. Nikazipandisha tena,
safari hii kwa jina lake kamili:
Wepukhulu Masibayi, wa Misikhu.
Chai haijachemka, ujumbe umeingia:
wimbo huu ni mali ya kampuni fulani.
Ukafutwa. Nilikoutoa nako, kweupe.

Nikaandika kuuliza. Ikajibu mashine,
kwa adabu ya mpokea wageni wa hoteli:
thibitisha kwamba wewe ndiwe mmiliki.
Nina jina lake. Nina pua yake.
Nina litungu lake lililokatika nyuzi mbili.
Fomu haikuwa na nafasi ya pua.

Kisha wakaja wawili, viatu vinang'aa,
na barua yenye muhuri.
Wakahesabu filamu, wakahesabu albamu,
wakabeba kompyuta ingali na joto.
Sikubishana; filamu hazikuwa zangu.
Ila humo, kwenye folda niliyoiita BABA,
walimbeba na yeye,
pamoja na majambazi wa sinema na wapiga mateke.
Mama aliponiuliza, "Ule wimbo uko wapi?"
nilimwambia, umeshikwa.

Juzi Nekoye amekuja kuchukua figo.
Simu yake ikaita mkobani:
nyuzi, kisha sauti, kisha jogoo.
Nikaacha kifuniko wazi, mwanga ukapita hewani,
ukanakili dari.

"Uliutoa wapi?"
Akatazama sakafu.
"Hapa. Siku uliyotoka kutafuta wino wa mashine.
Nilichomeka flashi. Sikukuomba. Nisamehe."

Mwizi wangu! Nilitaka kumbusu paji la uso.
Nikazima umeme ukutani ili tusikie vizuri,
na ng'ombe akakata kamba, akaja,
akapita kati ya rimu na kikokotoo.

Nikamwambia, kilichobaki chote, ini, mifupa, ngozi,
nakupa bure.
Alipokuwa akishukuru aibu ikanishika:
ukarimu gani huu, wa mali ya watu?

Nikamtoza karatasi tu.